Lenzi ya vioo vitatu kwenye kamera ya kukunja: kuikagua, kuirekebisha na kuipigia picha

Mwaka 1893 H. Dennis Taylor, msanifu wa lenzi wa kampuni ya T. Cooke & Sons mjini York, Uingereza, alisajili hataza ya lenzi yenye vioo vitatu tu: cha kukusanya mwanga mbele, cha kuutawanya katikati, cha kuukusanya tena nyuma, na hewa kati yao. Ukivitenganisha kwa umbali sahihi, picha hulala bapa juu ya filamu badala ya kupinda kama bakuli, na kasoro nyingine kubwa za lenzi hurekebishwa kwa pamoja. Mwaka 1902 Paul Rudolph wa Zeiss, Jena, alitoa Tessar, ambayo kwa sura inafanana nayo ila kioo cha nyuma ni viwili vilivyogundishwa.

Lenzi ya vioo vitatu ndiyo iliyofungwa kwenye kamera nyingi za bei nafuu kwa miongo mingi: Novar kwenye Zeiss Ikon Nettar, Agnar na Apotar kwenye Agfa Isolette, Vaskar kwenye Voigtländer Perkeo, T-22 kwenye Lubitel, Yashikor kwenye Yashica A. Watu huidharau kwa sababu picha zinatoka laini. Mara nyingi wanaisingizia. Kinachoharibu picha ni umbali uliowekwa vibaya, mwanga wa pembeni unaoingia kwenye kioo, au tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi unaopanuliwa na kubanwa) lililoachwa wazi pasipo sababu. Ukivishika hivyo vitatu, negativu ya 6x6 (picha ya mraba ya sentimita 6 kwa 6) kutoka kwenye Novar hukuzwa hadi sentimita 30 kwa 30 bila aibu yoyote.

Mfano wetu hapa ni Nettar 518/16 yenye Novar ya milimita 75 f/4.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), inayotumia filamu ya 120 na kutoa picha 12. Hesabu za umbali zinafaa kwa lenzi yoyote ya milimita 75 kwenye 6x6.

Kabla ya kununua filamu

Fungua mlango wa nyuma, weka shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) kwenye B, mahali inapobaki wazi mradi umeibonyeza, fungua tundu hadi f/4.5, kisha shikilia shata wazi huku ukimulika tochi kwa mbele kidogo ya pembeni. Angalia kupitia nyuma. Vumbi halina neno, na mkwaruzo mmoja mmoja nao hauonekani kwenye picha. Kinachodhuru ni ukungu mweupe unaofunika kioo kizima, maana huo hutawanya mwanga na kuua weusi wote wa picha. Kuvu huonekana kama nyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni. Kamera zilizokaa miaka mingi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ndani ya mkoba wa ngozi ndizo zinazoongoza kwa kuvu, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia. Ukishaisafisha, usiirudishe kwenye mkoba huo. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, na uvikaushe au kuvibadilisha vikishalowa.

Ukungu mara nyingi unakaa upande wa nyuma wa kioo cha mbele na kwenye uso wa kioo cha kati, na hizo ni nyuso unazozifikia kwa kufungua kioo cha mbele peke yake. Tumia alkoholi ya isopropili na karatasi laini ya lenzi, ukifuta kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko, bila kukandamiza. Kioo cha kati usikitoe bila ulazima. Katika lenzi ya aina hii ndicho kinachobeba kazi kubwa ya marekebisho, na kikirudi kimeinama hata kidogo, au kimehama kutoka katikati, upande mmoja wa picha utakuwa laini na hakuna tundu litakaloutibu kabisa.

Shata ijaribu kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Elekeza simu kwenye lenzi, weka 1/25, piga, kisha hesabu fremu ambamo majani ya shata yako wazi: zinatakiwa kuwa kama 10. Kwa sekunde 1 zinatakiwa 240. Zikizidi kwa nusu, shata inavuta kwa sababu mafuta yamekauka. Mwendo wa 1/100 na zaidi simu haiwezi kuupima vizuri, lakini kwa kawaida ile miendo ya taratibu ndiyo inayoharibika kwanza. Saa ya kujipiga usiiguse kabisa kwenye shata ya zamani. Ikikwama katikati, inaikwamisha shata nzima.

Mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, nao ukague kwenye chumba chenye giza, tochi ikiwa ndani na kamera imefunguliwa. Kitobo kwenye kona ya mkunjo kinazibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayopakwa nyembamba mara mbili. Ukipaka nene, mvukuto haukunjiki tena.

Kurudisha alama ya mbali mahali pake

Alama ya mbali ni ile ya ∞ kwenye pete ya umbali. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo wengi wanapokosea.

Kwenye Nettar, Isolette za kawaida, Perkeo na hata Lubitel, ukizungusha pete ya umbali kinachosogea ni kioo cha mbele pekee. Nafasi kati ya kioo cha kwanza na cha pili inaongezeka, na urefu wa fokasi wa lenzi nzima unapungua. Ukitaka kupiga kitu kilicho mita 1.2 kwa kusogeza lenzi nzima ya milimita 75, ungehitaji kuisogeza milimita 5. Kioo cha mbele kinafanya kazi hiyohiyo kwa mwendo mdogo zaidi. Maana yake ni kwamba kosa dogo kwenye nyuzi za skrubu za kioo hicho linakuwa kosa kubwa kwenye filamu. Kamera iliyowahi kufunguliwa na mtu akarudisha pete kwa kukisia tu, haitatoa picha kali hata siku moja.

Kata kipande cha kioo chembamba chenye upana wa milimita 60, ubandike selotepu ile isiyong'aa upande mmoja bila mikunjo. Ondoa filamu, kisha kilaze kioo juu ya reli mbili za ndani ambazo filamu hupita, upande wa selotepu ukielekea lenzi. Kisilale juu ya reli za nje, kwa kuwa hizo ziko juu zaidi na zimewekwa kwa ajili ya bamba la kukandamizia. Ukikosea hapo, marekebisho yako yote yatahama. Kaza kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, elekeza kwenye kitu chenye mistari mikali kilicho mita 500 au zaidi, kwa mfano mnara wa simu. Weka shata kwenye B kwa waya wa kufyatulia wenye kifungo, na uache tundu wazi kabisa kwenye f/4.5.

Angalia selotepu kwa kioo cha kukuzia cha mara 8 au 10. Lenzi ya milimita 50 ya kamera nyingine ukiigeuza na kuiweka jichoni inakuza mara 5, nayo inatosha. Alama ya mbali ikiwa imewekwa lakini mnara umefifia, legeza skrubu tatu ndogo zilizo pembeni mwa pete ya umbali. Zilegeze kama mzunguko mmoja tu bila kuzitoa, maana zikianguka sakafuni huzioni tena. Sasa pete inazunguka peke yake na kioo kinabaki palepale. Zungusha kioo chenyewe kwa ncha za vidole, pita mahali mnara unapokuwa mkali hadi ufifie tena, rudi, kisha simama katikati ya pande hizo mbili. Rudia mara kadhaa hadi mkono wako uwe unasimama mahali palepale. Bila kukitikisa kioo, rudisha pete kwenye alama ya mbali na ukaze skrubu zote tatu kidogo kidogo kwa zamu.

Halafu pima mita 2 kwa utepe wa kupimia kutoka mgongo wa kamera, weka gazeti hapo, na uangalie tena. Gazeti likiwa kali kwenye alama ya mita 2, umemaliza. Kama mbali ni sawa lakini mita 2 si sawa, kuna kioo ndani ambacho hakijakaa vizuri kwenye kitako chake, na itabidi ukifungue upya.

Kwenye Agfa utakutana na tatizo jingine: grisi ya kijani iliyoganda hadi pete haizunguki. Usitumie nguvu. Ukilazimisha, kioo cha mbele na kile cha pili huzunguka pamoja vikiwa vimeshikana, na kinachofunguka ni uzi usiotakiwa kufunguka. Pete itaonekana inafanya kazi huku fokasi haibadiliki ipasavyo. Dondosha nafta, ile petroli nyepesi ya vibiriti vya utambi, ukingoni mwa uzi, ngoja saa kadhaa, pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, jaribu, rudia. Ikishaachia, chora alama kwa sindano kuonyesha mahali uzi ulipotokea kabla ya kusafisha na kupaka grisi mpya kiasi kidogo sana.

Tundu lipi, na kwa nini

Kwenye f/4.5 katikati ya picha pana ukali wa kutosha na kona ni laini. Kwenye f/5.6 katikati panakuwa pazuri kweli. Kwenye f/8 kona zinaanza kukaza, na kwenye f/11 lenzi hii inatoa yote iliyo nayo. f/16 itumie unapohitaji kina, yaani vitu vya karibu na vya mbali viwe vikali kwa pamoja. f/22 iache, kwa kuwa mwanga unaopita kwenye tundu dogo vile hutawanyika na kulainisha picha nzima.

Hilo linaamua filamu ya kuweka. Jua kali la mchana kwa filamu ya ISO 400 linataka 1/200 kwenye f/22, na shata nyingi za kamera hizi zinaishia 1/200 au 1/300. Umenunua filamu yenye kasi na sasa inakulazimisha kupiga kwa tundu baya kuliko yote. Kwa jua, weka ISO 100 au 125, kama Fomapan 100 au Ilford FP4 Plus: 1/200 kwenye f/11 iko sawasawa. ISO 400 ihifadhi kwa mawingu, vichochoro na kivuli cha barazani. Ikiwa imeshapakiwa na jua limetoka, vaa filta ya njano. Inakula hatua moja, yaani nusu ya mwanga, inakurudisha f/16, na mawingu yanajitokeza vizuri kwenye filamu nyeusi-nyeupe.

Kwa picha za karibu kuna jambo la ziada. Taylor alipanga nafasi kati ya vioo ziwe kwa kipimo fulani, na kioo cha mbele kikitoka nje kipimo hicho kinavunjika. Ndiyo maana kwenye mita 1.2 lenzi hii ni dhaifu kuliko ilivyo kwenye mita 5, hata fokasi ikiwa sahihi. Funga tundu hadi f/8 au f/11 unapokuwa karibu. Njia bora zaidi ni lenzi ya nyongeza ya +1: iache kamera kwenye alama ya mbali, na kitu kilicho mita 1 kutoka kwenye lenzi hiyo kinakuwa kikali, huku vioo vitatu vikiwa vimekaa kama vilivyopangwa. Ukiweka pete kwenye mita 2, unapiga kitu kilicho sentimita 67.

Kupima umbali bila kipima-umbali

Nettar haina kipima-umbali. Unakisia au unapima. Kwa mandhari na barabarani kukisia kunatosha: kwenye f/11 weka pete mita 10, na kila kitu kuanzia mita 5 hadi mbali kabisa kitakubalika. Kwenye f/16 weka mita 7, na unapata kuanzia mita 3.5. Nettar nyingi zina nukta nyekundu kwenye pete ya umbali na kwenye mizani ya tundu kwa ajili ya kazi hii.

Picha ya mtu haitaki kukisia. Kwa f/8 na mita 2, ukali unaanzia kama mita 1.75 na kuishia mita 2.3, nafasi inayosamehe. Kwa f/4.5 na mita 1.2, una sentimita 11 au 12 tu kwa jumla, na nusu yake inaliwa na mtu kuyumba. Chukua uzi imara, ufunge kitanzi kwenye skrubu ya stendi chini ya kamera, piga mafundo kwenye mita 1.2, 1.5 na 2. Mpe mtu ashike fundo karibu na jicho lake, uzi unyooke, auachie, upige. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika.

Pete yenye futi badala ya mita isikusumbue: futi 4 ni mita 1.2, futi 6 ni 1.8, futi 10 ni 3, futi 15 ni 4.5, futi 30 ni 9.

Kikinga-jua

Uso wa kioo usio na utando wa kuzuia mng'ao hurudisha asilimia 4 hadi 5 ya mwanga. Lenzi ya vioo vitatu ina nyuso sita zinazogusana na hewa, kwa hiyo karibu robo ya mwanga haifiki kwenye filamu kwa njia yake, na sehemu yake inazunguka ndani na kutua pasipotakiwa. Zeiss walipata hataza ya utando huo mwaka 1935 kwa kazi ya Alexander Smakula, lakini kamera nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazina. Utaujua kwa kuangalia taa ikijiakisi kwenye kioo: penye utando mng'ao ni wa bluu au zambarau, pasipo utando ni mweupe.

Iwe na utando au haina, vaa kikinga-jua. Kipenyo cha nje cha lenzi kipime kwa vernia kalipa, maana ukubwa unatofautiana kati ya toleo na toleo. Kikinga-jua cha karatasi nyeusi ngumu kinatosha: kwa milimita 75 kwenye 6x6, kila milimita 10 za urefu unazoongeza, kipenyo cha mdomo kipanuke milimita 10 hadi 11. Kabla ya kukiamini, fungua shata kwenye B, tundu kwenye f/11, na uweke jicho kwenye kila kona ya dirisha la filamu. Unatakiwa kuona duara zima la tundu. Likikatwa, kona za picha zitakuwa nyeusi, punguza karatasi.

Kuvuta filamu na kupiga

Fungua kamera kwanza, polepole, ndipo uvute filamu kwenda picha inayofuata. Ukiwa umeshavuta filamu na kisha ukafungua mlango wa mbele kwa kishindo, mvukuto unafyonza hewa na kuivuta filamu mbele, itoke kwenye reli. Picha inakuwa laini katikati na huwezi kujua kwa nini. Vuta muda mfupi kabla ya kupiga, ukisoma namba kwenye dirisha jekundu la mgongoni mwa kamera ukiwa kivulini, hasa kwa ISO 400.

Ukishasafisha filamu, negativu zenyewe zinakuambia. Kona zote nne laini na katikati kali: tundu lilikuwa wazi mno. Upande mmoja tu laini: ubao unaoshika lenzi hausimami sambamba na filamu, kwa hiyo pima kwa kalipa kutoka kwenye reli hadi ubaoni kushoto na kulia, juu na chini, kisha unyooshe mkono wa chuma wa ubao huo uliopinda. Picha nzima laini lakini kitu cha mbele au nyuma ya mlengwa ni kikali: rudi kwenye alama ya mbali. Michirizi ya mwanga inayorudi mahali palepale kwenye kila picha: mvukuto. Kila kitu kijivu, pasipo weusi wala weupe: ukungu kwenye kioo, au jua liliingia.

Kwa lenzi isiyo na utando, ongeza muda wa kusafisha filamu asilimia 10 hadi 15 ili kurudisha utofauti uliopotea. FP4 Plus kwenye ID-11 (dawa ya kusafishia filamu) iliyochanganywa 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji, huchukua dakika 11 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo nenda dakika 12 na kidogo. Maji ya bomba ya pwani ni ya moto zaidi, hayashuki hadi nyuzi 20. Tumia beseni lenye barafu, au kubali nyuzi 24 na upunguze muda hadi kama dakika 7 na nusu hadi 8 kabla ya kuongeza ile asilimia 10 hadi 15.

Mapovu ya mwanga

Wengi wanazitafuta lenzi hizi kwa ajili ya duara zenye ukingo unaong'aa nyuma ya mlengwa. Zinatokea kweli, kwa tundu lililo wazi, pale nyuma panapokuwa na nukta za mwanga: taa, au jua likipenya majani. Ila Novar ya 75 f/4.5 haitoi duara kubwa. Mlengwa akiwa mita 1.5 na taa mita 10, duara ni kama milimita 0.75 kwenye negativu yenye upana wa milimita 56. Meyer Trioplan ya 100 f/2.8, nayo ya vioo vitatu, kwenye kamera ya milimita 35 kwa umbali uleule inatoa duara la milimita 2 na zaidi kwenye picha yenye kimo cha milimita 24. Ukiitaka picha ya namna hiyo, nunua Trioplan. Novar ibaki kwenye f/8 na f/11.